Nyenje wa Nyuma ya Tangi

Shoga, nimejifungia chooni kazini. Usinipigie, sauti itasikika.

Unamkumbuka yule nyenje wangu, niliyemtafuta msituni hadi mbu wakanimaliza? Leo ndiyo tunamtangaza. Ukumbi umejaa. Profesa katamba kwenye kipaza sauti, "Spishi mpya! Hapatikani popote duniani ila msitu ule!" Makofi hayo! Mama kaja na dada zake wote.

Nikakimbilia chooni kabla sijaitwa mbele.

Shoga, ANALIA HUMU. Nyuma ya tangi la maji. Milio mitatu ya haraka, kimya, halafu mmoja mrefu. Ule ule! Mlio nilioandika mwenyewe kwamba ndio unaomtofautisha na nyenje wenzake! Nimechungulia, nimemwona. Ndiye. Haja yenyewe imekata.

Mara Profesa akagonga. "Binti, toka, wageni wanakusubiri."

Nikafungua mlango kidogo, nikamwambia, "Profesa, hebu sikiliza." Nyenje akalia. Nikangoja ashtuke.

Wapi!

Kashika tu kitasa cha mlango. Kaniambia polepole, kama anabembeleza mtoto: "Huyo namsikia tangu tuhamie jengo hili. Nawa mikono, mwanangu, uje uwaigizie wageni anavyolia."