Wifi, Mtaa Bado Unakusikiliza Wewe

Wifi yangu Shamsa,

Natumaini Mwanza inakutunza na kaka yangu bado anakula kwa adabu. Nakuandikia hapa hapa kwenye ukurasa wetu wa mtaa, mbele ya watu wote, kwa sababu maandishi yangu marefu hayasomwi na mtu. Hapa ni siri kuliko kwenye simu.

Nianze na lililo moyoni: nakuonea wivu. Kaka yangu nilikupa kwa moyo mweupe, na nguo zako hazinitoshi. Ninachokuonea wivu ni sauti. Umehama mtaa wetu wa Rwezamenyo na mabegi yako yote, sauti ukaiacha, na kila nikienda dukani naikuta inazungumza kwenye simu ya mtu.

Unakumbuka ulipoletwa nyumbani, hina bado mikononi? Mimi ndiye nilikuwa mwandishi wa habari wa mtaa huu. Ukurasa niliufungua mimi, na habari za kikundi chetu cha akina mama, kinachotembelea wazee na wagonjwa, nilikuwa naziandika mimi. Nikakuonyesha kwa majivuno habari ya Bi Hadija, yule mjane wa chini ya ngazi aliyekuwa akilala kwenye mkeka mtupu. Ukaisoma yote, ukanirudishia simu.

"Nzuri, wifi. Sasa mimi msomaji nifanye nini?"

Nilikununia mpaka chakula cha usiku, na nilipokipata nikala nimenuna vilevile.

Kesho yake ulishuka kwa Bi Hadija kumwonyesha picha niliyompiga, kabla haijaenda popote. Mimi nilizoea kupiga picha na kuiweka. Sikuwahi kuona mtu akibisha hodi kuuliza kama iende au isiende. Bi Hadija akaitazama, akashika mdomo.

"Oya, hapana! Huyu anayelia hapa si mimi. Ngoja nivae kitenge ya harusi."

Ukampiga picha upya akiwa ndani ya kitenge, kidevu juu. Ukarekodi maneno machache: jirani, Bi Hadija anahitaji godoro, mwenye la ziada alifikishe leo, mlango wake ni wa kijani. Godoro likaja. Ukarudi tena, ukaweka picha yake ameketi juu ya godoro anacheka, ukamshukuru aliyelitoa. Halafu ukajibu komenti zote, hata za yule muuza mkaa anayeandika "amina" kwenye kila kitu, pamoja na matangazo ya maji kukatika. Nilikuwa nakutazama kutoka dirishani huku nimeshika sahani, najiambia ni ugeni tu, utachoka.

Hukuchoka. Mama akaanza kusikiliza jumbe zako za sauti akimenya viazi, na ukimaliza kuongea anaurudisha ule ujumbe mwanzo. Mimi ninayekaa naye ananiuliza, "Wewe umeandika nini tena?" kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

Kwa hiyo mlipohama nilifurahi, sitakudanganya. Nilisema sasa mtaa utatulia unisome.

Ikaja mvua, ikaangusha ukuta wa Bi Hadija. Nikaandika, na niliandika vizuri, wifi: maji yalitokea wapi, mtaro uliziba vipi, majirani wanasemaje, picha kadhaa na linki chini. Watu wakabonyeza alama ya moyo wakaendelea na mambo yao. Mama akakutumia ujumbe nyuma ya mgongo wangu. Jioni sauti yako ikaingia kutoka Mwanza:

"Majirani zangu, mpo? Ukuta wa Bi Hadija umelala chini. Jumamosi ni umuganda. Tukimaliza kazi ya wote, tupitie kwake. Mwenye beleshi aje na beleshi, asiye nalo aje na chai."

Jumamosi hiyo ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima ulipotoka kusafisha mitaro, uchochoro wa Bi Hadija ulijaa watu. Mabeleshi, na chupa za chai zaidi ya mabeleshi. Nilikuwa nimesimama pale na kamera yangu, na fundi cherehani wa kona, ambaye namsalimia kila asubuhi, akaniuliza kama mgeni:

"Shamsa ametuita. Ukuta iko wapi?"

Ukuta ulikuwa nyuma yangu. Niliuma meno nikamwonyesha.

Sasa umeniandikia kwamba mtoto amekuja, kazi mpya imekubana, nikuondoe kwenye uadmini wa ukurasa. Wifi, hilo nimeliota! Nimeshafungua mahali penyewe, jina lako liko mbele yangu, kubonyeza tu. Kidole kinakataa. Nilikuwa bado nazozana nacho alipokuja binti wa Mzee Sadiki. Baba yake ametoka hospitali, yuko kwenye kiti cha magurudumu, na kutoka kwao hadi barabarani ni ngazi tupu. Anataka kuswali Ijumaa msikitini. Wanahitajika watu wa kumbeba.

Nikachukua simu nirekodi mwenyewe. Nikafuta, nikarekodi, nikafuta. Mama akapaza sauti kutoka jikoni:

"Unasoma taarifa ya habari? Ongea kama unaniita nije kula!"

Nikaongea hivyo. Kabla ya kutuma nilishuka kumsikilizisha Mzee Sadiki, kama ulivyokuwa ukifanya, akasema sawa, ila isemwe pia kwamba amepungua uzito. Nikarekodi tena, nikaongeza: majirani, Mzee amepungua, hatawavunja mgongo. Nikatuma. Majibu yakaanza kuingia, nikayakimbilia kusoma.

"Murakoze, asante Shamsa, tunakuja."

"Shamsa dada, niko hapo."

"Amina."

Wote, wifi. Hakuna hata mmoja aliyejua ni mimi. Kwao ukurasa huu ukiongea, umeongea wewe. Nilianza kuandika "jamani huyu ni Rukia", nikaangalia majina ya wanaokuja, nikafuta.

Ijumaa walikuja wengi kuliko mahitaji, mpaka wakagombania kiti. Kona moja niliishika mimi mwenyewe, tukapanda ngazi jasho likinitiririka machoni. Tulipofika juu barabarani, Mzee Sadiki akavuta pumzi, akanishika mkono.

"Mwambie Shamsa Mungu amlipe."

Nikamjibu nitamwambia. Basi, nimekuambia. Na jina lako halijatoka.

Ni mimi wifi yako, niliyeshika kiti.