Swali la Saba Nimelichana

Mpendwa mshauri Aidah, unisamehe, barua hii nimeianza wiki tano zilizopita na kila nikikaa niimalize mtoto mdogo analia au mimi nasinzia, lakini sasa naomba msaada kweli.

Binti yangu Ikirezi ana miaka kumi na mmoja. Kitabu chao kipya cha historia hakitaki mtoto akariri tarehe tu, kinamtaka afikiri mwenyewe, na swali la sita lilisema: fikiria nyumba iliyosimama mahali penu kabla yenu, nani aliishi humo? Mimi nilikuwa naogesha mdogo wake, nikamwambia, "Buni tu mama, andika chochote." Akaandika kurasa mbili. Mlango wa nyuma unaotazama bondeni, mafiga matatu, moja limepasuka, na msichana anaitwa Mugeni, anakula kwa mkono wa kushoto na kuku wake amewapa majina ya watu. Nikacheka.

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, majirani tukachimba mtaro nyuma ya nyumba yetu hapa Masaka, ambayo ni mpya, tuna miaka miwili tu, na jembe likagonga mafiga. Matatu. Moja limepasuka. Ikirezi akasema, "Hapo ndipo Mugeni alipikia." Mukecuru Mukeshimana, bibi mzee jirani yetu anayekaa na watoto wangu nikiwa kazini Kacyiru, akaketi chini kwenye udongo.

"Nani amemwambia mtoto huyu?"

"Kitabu kimemuuliza tu, Mukecuru."

"Kitabu kinamjua Mugeni?"

Tangu siku hiyo Mukecuru havuki njia kuja kwetu. Na Ikirezi, bila hofu yoyote, akaniambia, "Mama, swali la saba linauliza alikwenda wapi." Nikauchana ule ukurasa wa kitabu wenye swali hilo. Akanitazama, akasema bado analikumbuka. Ijumaa ijayo atasoma kazi yake mbele ya wazazi wote.

Naomba unitumie maneno ya kumwambia mwalimu Gasana kuhusu ukurasa. Maneno ya kumwambia Mukecuru. Na jibu moja la kumpa Ikirezi, liwe fupi.

Uwera, Masaka

*

Uwera mdogo wangu, pole, lakini kitabu cha shule si chako kukichana! Ubandike ukurasa huo kwa gundi, umpelekee mwalimu mwenyewe, umwambie, "Niliogopa." Neno hilo moja latosha.

Sasa fikiri. Mtoto anashinda na nani? Mzee akichambua maharage huongea, na hajui kama anaongea, na mtoto aliye kando anasikia yote. Jina na kuku vimetoka huko, naamini. Kuhusu figa lililopasuka sina jibu, na sitajifanya ninalo. Mafiga hayo msiyaondoe.

Kosa lako ni kumwambia abuni chochote. Nyumba ile ilikuwa na wenyewe. Ikirezi asisome neno mbele ya watu kabla Mukecuru hajalisikia kwanza, na Mukecuru akikataa, kurasa zinabaki nyumbani, na mwalimu ataelewa.

Swali la saba lisibuniwe kabisa. Mtoto aandike: "Sijui. Nimekwenda kuuliza." Hiyo nayo ni historia.

Leo hii vuka wewe uende kwa Mukecuru, na maharage mkononi, na Ikirezi ubavuni. Usiulize kitu. Keti, chambua. Na akianza kuongea, usimkatize hata mtoto akilia.