Maiki Iliyozimika Majengo

Dada Mwende,

Hujambo na joto la huko Kitui? Huku Njiru baridi naipiga kwa chai na mandazi moto. Mdogo wako nina bahati jamani! Kati ya mainjinia wote wa Nairobi, shule moja ya Majengo imenichagua mimi niwaeleze wanafunzi kazi za sayansi na teknolojia.

Nilipofungua mdomo tu, maiki ikazimika. Ukumbi mzima kicheko: "Injinia, umezimika!" Aliyecheka zaidi, msichana aitwaye Halima, nikampa bisibisi. Mwalimu akaninong'oneza, "Huyo fizikia ameapa ataiacha."

"Basi afungue hii kabla hajaiacha," nikasema.

Akafungua, akachungulia. "Anko, waya umekatika hapa!" Akauunga mwenyewe.

"Haloo?" Sauti ikatikisa mabati! Wenzake wakambeba juu juu, nami nikaruka kama mtoto wa chekechea. Mwalimu akamuuliza kama bado anaiacha fizikia. Akajibu kwa maiki, Majengo nzima ikasikia: "Siachi, mwalimu! Siachi!"

Nawapenda sana, wewe na mama. Kunyweni uji mnenepe.

Dada, nimekudanganya. Hakuna aliyenichagua. Injinia wao hakutokea, na mimi nilikuwa nimeenda kutengeneza kengele ya shule, wakanidhania ndiye.

Musyoka