Akiinuka Mmoja

Jumatatu, 14 Julai
Chai, muhogo, karata. Sheria zote za karata za baraza letu hapa Ujiji nimezitunga mimi. Zote, peke yangu.
Uongo. Alizitunga na kuziandika Maulidi, fundi cherehani, kwenye mlango wa mashine ya kusaga iliyokufa. Mimi nilishika kopo la rangi. Mwandiko wangu wa darasa la nne hata kuku angeukana.
Lakini leo zimenifaa. Sadiki aliinuka katikati ya mchezo kupokea dagaa wake wa kuuza kutoka Kagunga. Aliporudi nikamwonyesha mlango: AKIINUKA MMOJA, ANAYESUBIRI ANAKAA.
"Anakaa mpaka lini, Mzee Rajabu?"
"Mlango haujasema. Basi mpaka afe."
Watu walicheka mpaka karata zikamwagika. Sadiki kahamia kwenye gunia la wanaosubiri, pale ukutani. Kanuna kama kambare. Nimelala vizuri.

Jumatano, 16 Julai
Tumeshinda tena, mimi na Mashaka. Tunacheza pamoja tangu wake zetu wakiwa hai. Akijikuna sikio, ana ree ya turufu, karata inayokula zote. Nikikohoa, sina kitu. Wengine wangeuita wizi. Wengine hawana mwenza.

Ijumaa, 18 Julai
Simu kutoka Simbo. Shemeji yangu kafariki. Nilikuwa na karata nzuri, Mungu anisamehe, hilo ndilo nililowaza kwanza. Nikazilaza kifudifudi.
"Nenda, mwenzangu," Mashaka akasema. "Nafasi yako ipo."
Sijamaliza kuvaa kandambili, Sadiki keshaketi.

Jumatatu, 21 Julai
Nimerudi na vumbi la Simbo miguuni. Nikasalimia. Wakanipa pole, wote, vizuri kabisa. Hakuna aliyesogea.
 Sadiki kanionyesha mlango kwa kidevu.
Nikabisha. Kuzika si kuinuka. Sheria ilimlenga mtu anayekimbilia biashara, si mtu mwenye msiba. Nikamgeukia Maulidi, mwenye mwandiko wake.
"Mzee, uliposema mpaka afe, sote tulikubali."
"Nilikuwa natania!"
"Ulimtania mwenzio akashinda kwenye gunia mpaka Ijumaa?"
Nikamtazama Mashaka. Neno lake moja lingetosha. Akatazama karata zake, akamwambia Sadiki, "Turufu kopa. Cheza."
Nimekaa kwenye gunia. Linanuka pumba.

Jumanne, 22 Julai
Sikwenda. Ugali wa jana. Wajinga wote.

Alhamisi, 24 Julai
Gunia tena. Nangoja mmoja ainuke. Hainuki mtu. Wazee wale wale waliokuwa wakienda kukojoa kila mchezo, leo wote wamekuwa ngamia. Maulidi kaletewa suruali ya kupunguza, kamwambia mteja arudi kesho. Wanauogopa mlango. Aliyewafundisha kuuogopa ni mimi.
Halafu Mashaka akajikuna sikio.
Sadiki hakuelewa. Akatupa karata ya kipumbavu. Mashaka akajikuna tena, kwa nguvu, kama mwenye upele. Sadiki akamuuliza kama ana kunguni.
Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilijua Mashaka ana nini mkononi, na sikuwa na karata ya kumchezea. Nikaondoka mchezo haujaisha. Namchukia Sadiki. Mashaka namchukia zaidi.

Jumapili, 27 Julai
Magoti yanauma. Nimebaki ndani. Kutoka hapa nasikia wanavyozipiga karata mkekani. Ile ya kishindo ni ya Mashaka.
Mashaka, upepo wa ziwa ulipong'oa bati lako, nilikushikia ngazi kutwa nzima, na jua lile. Ukasema una deni langu. Sidai nafasi. Jioni ukirudi, pitia dirishani kwangu, ugonge, uniambie tu: ile ree uliyojikunia sikio, iliishia wapi?