Mmatumbi Asiyejua Utani

Maskati

Mama yangu,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, nimenenepa, boza la maji naliendesha kwa mkono mmoja, na Waarabu wenyewe wananiita Injinia. Cheti sina, jina ninalo.

Krismasi tulikula chumbani kwa Wakenya, Watanzania na Waganda humo humo, sakafuni. Pilau nilipika mimi. Mganda mmoja akauliza nimesomea chuo gani. Nikamwambia chuo cha Mama, Kipatimu.

Sasa sikiliza vizuri. Akaja mwanamama mmoja, dhahabu mpaka kidole gumba, anaitwa Mama Recho. Nikashtuka: ndiye yule uliyeniambia atakuja Januari kumchukua mdogo wangu Yustina na pasipoti yake, aje huku kufanya kazi za ndani. Alipojua mimi ni nani akanikumbatia. "Mdogo wangu! Mimi Mmatumbi mwenzio, nimezaliwa hapo hapo misheni Kipatimu!" Nikafurahi, nikamwekea paja la kuku.

Jirani yetu alikuwa Komba, Mngoni wa Songea. Kusikia Mmatumbi tu, akalinyakua lile paja sahanini kwa mama wa watu, akaling'ata. "Watumwa wetu nyie, tangu lini mnakula paja? Si tuliwafukuza mpaka mapangoni!"

Nikamjibu, "Mlitufuata humo mapangoni, babu yako mpaka leo hajatoka!"

Tulicheka wote, Mama Recho hakucheka. Alisimama, macho mekundu. "Nani mtumwa? Mwizi mkubwa wewe, nitakuitia polisi!" Komba akabaki na paja mkononi, akaninong'oneza, "Injinia, huyu dada yenu mmemwokota wapi?"

Mama, wewe unajua. Mngoni kwetu anaingia hata msibani, anakamata jogoo, anajilaza kaburini mpaka abembelezwe, na hakuna anayekunja uso. Mtu kazaliwa Kipatimu hajui mtani? Nikamuuliza kwa upole kwa baba yake ni upande gani. Akasema niache maswali, nile. Nikauliza Yustina atafanya kazi nyumba gani. "Atajua akifika." Na wale wasichana aliokwisha kuwaleta, mbona sikukuu hawapo? "Hawana ruhusa ya kutoka."

Pengine nimekosea. Nikikosea nitampigia magoti, na mbuzi mzima juu. Lakini kwa sasa hiyo pasipoti ichukue wewe, uifungie kwenye kanga yako kiunoni. Nimeandika kwa karatasi, anakuja nayo dereva mwenzangu, maana simu ya nyumbani anashika Yustina, na kila neno anamsimulia huyo mama.

Nisalimie baba mdogo Kasimu, mjomba fundi baiskeli, na shangazi wa Mtama akija kwenye korosho. Yustina najua ataninunia. Anune. Anunie hapo hapo jikoni kwako, ninapojua yuko.

Mwanao,
Deo