Shangazi Akamatwa na Mita

Uko wapi wewe?? Ndiyo tunatoka kliniki na shangazi, mbavu sina 😂😂

Shangazi huyu huyu anayesoma mita za maji, anayewafokea wenye nyumba "mita haidanganyi"!

Daktari kamuuliza, "Pampu ya kuzuia pumu unavuta kila siku?"

Shangazi, macho makavu: "Asubuhi na jioni, mwezi mzima!"

Na juzi tu tulimbeba hana pumzi!

Daktari akaigeuza ile pampu. Kumbe ina kidirisha kinachohesabu mivuto iliyobaki! 120. MIA NA ISHIRINI!! Haijaguswa!

"Nilijiona mzima..."

"Hii huvutwa hata ukiwa mzima, mama. Ndiyo inayokuweka mzima."

Shangazi akavuta mara mbili, akachungulia kidirisha, akatangaza kwa sauti ya kazini: "Mia na kumi na nane. Andika!"