Makochi au Nyumba ya Tena

Jumanne, 14 Agosti 1984

Mashine ya hesabu ya yule afisa wa mikopo ya nyumba bado inanikereza masikioni: krrr, krrr, kila nilipotaja deni.

Na ni mawili tu. Mkopo wa chama cha ushirika kazini, uliolipa karo ya mdogo wangu, na makochi ninayolipia dukani kila mwezi. Mama alisema karani mzima hawezi kuwakalisha wageni kitandani. Kweli, chumba changu cha kupanga Kaloleni kilikuwa kimekosa makochi tu, kiwe ikulu.

"Mshahara huu haubebi makochi na nyumba, dada," afisa akasema. "Huna bwana akusaidie?"

"Hata hayo makochi sikununuliwa na bwana, mzee."

Akacheka. Mtu mwema sana. Akanishauri nirudi nikishaolewa, maana waume, kama ijulikanavyo, huzaliwa bila madeni.

Nilipokataa kuinuka akalainika: nifute deni moja kabla ya Ijumaa, la sivyo nyumba niliyoomba mtaa wa Tena anapewa anayenifuata kwenye orodha.

Naogopa. Miaka kumi na minane ya kuilipia nyumba, na kazi yenyewe nikiipoteza je? Na Mama anakuja Jumapili na wenzake wa kanisani, waje waone…

Basi wataona sakafu. Saa kumi nilikodi mkokoteni, nikayarudisha makochi dukani. Niliyokwisha kulipa yamepotea. Hati ya kufuta deni ninayo.